Mama Alivyomchoresha Mama Yake kwa Uso Wangu

Juzi walikuja mafundi kupaka rangi madirisha ya nyumba ya mwanangu Mwajuma, hapa ninapokaa siku hizi. Mmoja akafungua kopo la tapentaini barazani, karibu na kiti changu, na chai ikanishinda kunywa. Mwajuma akadhani ni presha. Nikamwambia hapana, ni harufu tu, naijua tangu sijang'oa meno ya utoto. Akauliza ya wapi, nikamwambia anihamishie kiti. Nyie wa rika langu mliolelewa Kariakoo ndio nitakaowaambia, kwa sababu nyie hamna haja ya kuuliza imekuwaje mtoto akaitwa mama na mama yake mzazi.

Tulikuwa tunakaa Mtaa wa Sikukuu, nyumba ya vyumba sita ya Bi Mwanamvua binti Kitwana. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Tatu, muuza vitumbua, ambaye mdomo wake uliamka kabla ya jogoo. Chumba chetu kilikuwa cha mwisho, pale korido inapotokea uani. Baba yangu, Ramadhani Kibwana, alikuwa akifanya kazi karakana ya reli, mtaa wa Gerezani, na akirudi mikono yake ilinuka chuma hata akila ubwabwa. Mama yangu aliitwa Hadija, Mzaramo wa upande wa Maneromango.

Bibi yangu mzaa mama, Zaina binti Pazi, alifariki mimi nikiwa tumboni. Nilipotoka nikapewa jina lake. Basi mama hakuniita Zaina hata siku moja. Aliniita mama. "Mama, njoo ule." "Mama, jua kali, ingia ndani." Siku akiwa na furaha alinipa hata shikamoo, nami nikaitika marahaba bila haya. Baba kwake nilikuwa mkwe. Tukikutana kwenye korido alijibana ukutani na kuinamisha kichwa. "Pita mkwe wangu, nisije nikakanyaga kivuli chako." Sikuwahi kuchapwa. Mama akikasirika alishika ufagio, akanitazama, akauweka chini. Nani atampiga mama yake?

Majirani nao walishindwa kumwita Mama Zaina, kama ilivyo desturi ya kumwita mzazi kwa mtoto wake wa kwanza. Bi Tatu alisema, "Mtu utamwitaje mama wa mama yake? Si kumtukana huko?" Wakabaki na Hadija, mpaka alipozaliwa mdogo wangu Salumu. Hapo ndipo mama yangu akapata jina la uzazi, Mama Salumu, na lilimkaa vizuri, alitembea nalo kama mtu aliyevaa kanga mpya.

Mimi nilielewa mambo haya kitoto. Nilijua kwamba mimi ni bibi, nimekufa mara moja, nimerudi, ila nimesahau. Nilikuwa nikikaa uani kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, nafumba macho, najaribu kukumbuka kufa kulikuwaje. Nilikumbuka kiza tu, na kiza kile kilikuwa cha kufumba macho.

Salumu alipoanza kutambaa ndipo akaanza kuugua. Homa inakuja, inaondoka, inarudi na degedege. Tumbo likakaza upande mmoja kama amemeza jiwe. Baba alimpeleka hospitali, wakampa dawa ya maji, chungu, akapata nafuu, akacheka, akarudi kulekule. Wakampeleka tena, na tena. Maalim wa chuoni alimsomea na kumfungia hirizi. Mwisho mama akaenda Mchikichini kwa Mzee Mloka, aliyekuwa akiwaganga watu wa kwao tangu zamani. Nilikwenda naye. Mzee Mloka alipiga ramli yake, akaiacha, akamuuliza, "Hadija, mama yako mara ya mwisho ulimpa unga wa tambiko lini?"

Mama hakuwahi. Tangu mazishi hajarudi kaburini.

"Mama yako ana njaa, na hana pa kukaa," Mzee Mloka akasema. "Amekuja kukaa kwa mtoto."

Tukaenda Maneromango, mama na mimi, na kibakuli cha unga wa mtama kimefungwa ndani ya kitambaa cheupe. Kwetu kaburi halikuandikwa jina. Waliweka nguzo ya mti, juu yake kimechongwa kichwa cha mtu, na aliyejua ipi ni ya nani alikuwa Mjomba Kondo. Mjomba Kondo naye alikwisha kufa. Tulipofika mahali pale tulikuta mihogo. Mihogo mizuri, imenawiri, mistari kwa mistari mpaka kule kwenye mikorosho. Mwanamke mmoja mwenye shamba akatoka na jembe, akatukaribisha kwa adabu. "Sisi tulikuta pori, dada," akasema. "Kama palikuwa na miti ya kuchongwa, mchwa wameshamaliza." Mama alisimama katikati ya mihogo na unga wake, akigeuka huku na huku, hajui amwage wapi. Kisha akafunga kitambaa upya, tukarudi nao mjini vilevile.

Mzee Mloka aliposikia alitikisa kichwa. "Kama hana kaburi, mtafutie uso. Mtu haombwi hewani."

Uso wa wapi sasa? Bibi hakupigwa picha maishani mwake. Ni Bi Tatu aliyesema kuna Mluguru Mtaa wa Kongo, nyuma ya kinyozi, anachora watu wakafanana. Jina lake Anselmi. Kazi iliyomlisha ilikuwa kuandika vibao vya maduka, lakini ndani ya kibanda chake alikuwa amepanga nyuso za watu, waume kwa wake, kwenye mbao nyembamba za makasha ya chai. Ukiingia unapigwa na tapentaini, na chini yake harufu ya majani ya chai. Watu walisema alilelewa misheni huko Uluguru, akafundishwa kuchora watakatifu, halafu siku moja akamchora Bikira Maria kwa sura ya mama yake mzazi, na kilemba, na shanga shingoni. Padre akamwambia afute. Anselmi hakufuta. Akaja Dar es Salaam.

"Nataka unichoree mama yangu," mama akamwambia.

"Yuko wapi?"

"Amefariki."

"Picha?"

"Hana."

"Sasa nimchoreje, Mama? Kwa kusimuliwa? Alifanana na nani?"

Mama akanisukuma mbele. "Huyu hapa."

"Ndiye mwanao?"

"Ndiye mama."

Mtu wa kabila jingine angecheka. Anselmi ni Mluguru, na Waluguru na Wazaramo ni watani, mambo yetu anayajua. Alichuchumaa mbele yangu, akafuta mikono kwenye suruali, akasema, "Shikamoo bibi."

"Marahaba," nikaitika.

Nikawa napelekwa kwake jioni, baada ya mama kupika. Nilikaa juu ya kasha, nimefunikwa kaniki nyeusi kichwani kama alivyojifunika bibi, na mama amekaa kando na Salumu mapajani. Kwanza Anselmi alinichora kama nilivyo, na mashavu yangu. Halafu akaanza kunizeesha. Alimuuliza mama huku anachora.

"Meno?"

"Ya mbele yamechongwa. Lakini mdomo aliufumba, hakuwa mtu wa kuonyesha meno."

"Chale?"

"Mbili, hapa na hapa."

"Macho yalikuwa makali?"

Mama alifikiri. "Hayakuwa makali. Yalikuwa macho ya mtu anayesema jambo mara moja."

Anselmi, aliyekwisha kusimuliwa habari ya ile mihogo, akachanganya rangi kwenye kipande cha bati. "Nyie Wazaramo nyie," akasema, bila kugeuka, "mmekula mihogo mpaka mkawalima wazee wenu. Sisi kwetu tunapanda juu ya makaburi maua."

Nikamwona mama anacheka. Alicheka mpaka Salumu akashtuka mapajani. Neno lile angelisema mtu mwingine pangechimbika, ila mtani ana ruhusa yake, na nadhani ule ndio mcheko wa mwisho wa mama ambao mimi niliusikia, ule wa kutoka tumboni.

Kila aliponitia mkunjo mmoja kwenye ubao, mimi nilijipapasa usoni nione kama umeingia. Niliamini ile picha inakumbuka kwa niaba yangu. Nikadhani ikimalizika nitajua yote, kufa kulikuwaje, kaburi liko mstari gani wa mihogo, na kwa nini nimemkalia mdogo wangu tumboni. Maana hilo lilinisumbua. Nilimpenda Salumu. Nilimbeba mgongoni uani, nilimpa ubwabwa wangu. Nilikuwa nikijitazama mikono, najiuliza namshikilia kwa wapi.

Leo nina mikunjo yangu mwenyewe, na watu huniuliza nimefanana na nani. Siwezi kuwajibu. Sikumbuki tena kama Anselmi alipatia.

Picha ilipofika nyumbani Bi Mwanamvua alisimama mlangoni, mkono kiunoni. "Hadija, sura ya mtu ndani ya nyumba yangu? Malaika hawaingii penye sura."

"Bi Mwanamvua," mama akasema taratibu, "siku zote malaika walikuwa wanaingia, na mtoto anaumwa."

Bi Mwanamvua alikuwa mcha Mungu, lakini alikuwa amezika watoto wanne. Akatazama Salumu, akasema ifunikwe basi, isiwe inakodoa macho watu wanaposali. Mama akaitundika ukutani, akaifunika kanga. Bi Tatu alipoifunua kwa siri alisema, "Mama Salumu, mama yako mzima, ila pua hii ni ya Morogoro." Kisha akaitazama tena, akaacha utani wake, akaifunika.

Tambiko lilifanywa alasiri, baba amesharudi kutoka kazini. Tulikuwa chumbani sisi, Mzee Mloka, na Bi Tatu kwa kuwa alikataa kutoka. Mimi nilikalishwa mkekani chini ya picha, iliyofunuliwa kanga yake, nami na kaniki yangu. Mzee Mloka alikoroga ule unga wa mtama na maji, uleule uliokwenda Maneromango ukarudi, akamwaga kidogo sakafuni mbele yangu. Akamwita bibi kwa jina, na baba yake, na baba wa baba yake, mpaka akafika kwa watu ambao hata mama hakuwajua. Akasema, "Mwanao huyu hapa. Ana neno."

Mama alimshika Salumu kifuani. Alianza kusema na picha. "Mama, Zaina binti Pazi. Nimekosa. Nilikuacha porini, nikaja mjini, nikasahau njia. Nimekuja kukutafuta, sikukuona. Sasa nakuona. Huyu ni mjukuu wako, hana kosa, kosa ni langu. Nakuomba, mama. Mwache apone." Macho yake yakashuka kutoka ukutani, yakaja kwangu, na wote wakanitazama mimi. Baba pia, na baba alikuwa ameinamisha kichwa kama anavyofanya mtu mbele ya mkwewe, lakini safari hii hakuwa anatania.

"Umenisikia, mama?"

Nilitazama juu, kwenye picha, nikaona haina nia ya kujibu. Aliyeulizwa ni mimi, tangu nizaliwe mama akisema mama anayeitika ni mimi.

"Nimesikia," nikasema. "Atapona."

Nilisema hivyo kwa sababu nilitaka apone, na kwa kuwa kama ni mimi ninayeamua, basi nilikuwa nimeamua. Bi Tatu akashika mdomo. Mzee Mloka akasema, kwa sauti ndogo, "Amejibu." Na mama yangu akanipigia magoti, na mtoto mkononi, akaweka paji la uso wake juu ya miguu yangu. Naukumbuka uzito wa kile kichwa.

Salumu akanywa uji jioni ileile. Siku iliyofuata alitaka kitumbua, Bi Tatu akamletea cha moto, akakipuliza mwenyewe. Mama alilala usingizi, alikuwa hajalala miezi. Baba akaniambia, "Mkwe, mshahara ukitoka nakununulia kaniki mpya." Mtaa mzima ukasikia. Wanawake waliokwenda sokoni walipita barazani kwetu wakaniamkia, wengine wakicheka, wengine hawacheki. Mimi nilikaa kwenye ngazi nikawaitikia wote. Wenzangu, sijawahi kuwa mtu mkubwa kama nilivyokuwa wiki ile.

Homa iliporudi haikumpa nafasi. Baba alikuwa anaandaa baiskeli ampeleke hospitali. Mama alikuwa amekaa naye koridoni penye upepo, nami nimekaa ubavuni kwake nikimwambia Salumu, amka, nimeshasema utapona. Alikufa adhuhuri, watu wanatoka msikitini. Mama hakupiga kelele. Alimtazama mtoto, halafu akanitazama mimi, akanitazama hivyo hivyo mpaka Bi Tatu alipokuja kumchukua maiti mikononi mwake.

Msibani Anselmi alikuja. Mtani msibani ndiye wa kufanya vituko, anazuia jeneza, anadai hela, watu wapate kucheka kidogo. Yeye alikaa kwenye jamvi na wanaume, mikono katikati ya magoti. Bi Tatu akamwendea. "Mtani, mbona umetutupa? Sema neno."

"Leo sina," akasema.

Hitima ilipopita mama akaiondoa picha ukutani. Akaitia kikapuni, na ile kanga yake, akaniambia nifuate. Tulikatiza katikati ya soko, yeye mbele mimi nyuma, hadi Mtaa wa Kongo. Anselmi alikuwa anaandika kibao cha muuza mikate. Akasimama.

"Ifute," mama akasema.

"Nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Si yeye."

Anselmi akaichukua, akaiangalia kwenye mwanga wa mlango. "Pua?"

"Nakwambia si yeye. Mama yangu hakuwahi kunidanganya, Anselmi. Akisema mvua itanyesha, tulianua. Akisema huyu hafiki kesho, tulianza kuchimba. Huyu alisema atapona."

"Huyu ni mtoto, Mama Salumu," Anselmi akasema, polepole, akininyooshea kidole chenye rangi. "Wewe ulimuuliza mtoto."

"Ndicho hicho ninachokwambia," mama akasema.

Anselmi hakuwa mtu wa kufuta. Aliugeuzageuza ule ubao, nikadhani atakataa kama alivyomkatalia padre. Kisha akamtazama mama usoni, akachovya brashi pana kwenye rangi nyeupe. Alianza na kaniki. Akaja kwenye chale, akaja mdomoni. Nilikuwa nimesimama karibu sana, matone yakanirukia mkononi, ya baridi. Macho aliyaacha mwisho, akayapitia mara moja, akarudia, na bado kwa chini yalionekana, akarudia tena. Nikangoja kuhisi kitu. Sikuhisi kitu chochote, nilikuwa nimesimama pale mzima, na ndipo nilipojua kwamba sikuwahi kufa.

Ubao ulipokuwa mweupe wote Anselmi aliuegemeza ukutani. "Pole sana, Mama Salumu."

"Usiniite hivyo. Salumu hayupo."

"Sasa nikuiteje?"

Mama akaikunja ile kanga, akaitia kikapuni. Anselmi akanitazama mimi, akamtazama mama, na kwa huruma yake akasema jina ambalo mtaa mzima ulishindwa kulisema miaka yote. "Basi pole, Mama Zaina."

Mama aligeuka kunitazama, kama mtu aliyeonyeshwa mzigo akaambiwa ni wake. Alinitazama miguu, nguo, uso. Hakuwa na hasira. Mngemwona mngesema ni mama yeyote na mtoto wake yeyote.

"Haya, Zaina," akasema. "Chukua kikapu, twende."

Nikachukua kikapu. Tangu siku ile wakamwita Mama Zaina, na baba naye akaacha kujibana ukutani, akawa anapita tu. Nilifunzwa kufua, kupika, kuteka maji, nilichapwa nilipokosea kama watoto wa wenzao. Mama hakuzaa tena. Aliishi mpaka nikamwozea wajukuu, na nilimuuguza mimi, kwa mikono hii. Alinituma maji, alinituma dawa, alinituma nifunge dirisha. Kuniomba hakuniomba tena kitu, mpaka anakata roho.